Kamera ya Zamani Si Pambo la Kabatini

Muuza mitumba wa Ilala aliniviringishia kamera kwenye gazeti huku akisisitiza, "Dada, hilo ni pambo la sebuleni tu, picha haipigi." Nikamlipa shilingi 70,000 bila kubishana. Jina lilikuwa limeandikwa mbele: Canonet QL17 G-III, ya Canon, toleo la mwaka 1972. Nilikuwa nimeitafuta mwaka mzima.

Kamera za namna hii siku hizi naziona kwenye rafu za migahawa, mapokezi ya hoteli, na kwenye makabati ya vyombo katikati ya vikombe vya wageni. Inaniuma, kwa sababu nyingi hazijafa, zimeganda tu. Shata ya Canonet, yaani kile kinachofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu, ni vibamba vyembamba vya chuma vilivyopangwa ndani ya lenzi, na vinasukumwa na springi. Ikikaa miaka bila kutumika, mafuta yanakuwa gundi na vibamba vinashikana. Fundi saa wangu wa Kariakoo hajawahi kufungua kamera maishani mwake, lakini springi anazijua. Alidondoshea mafuta mepesi ya viberiti vya petroli, akafuta, akarudia mara tatu. Ya nne nikabonyeza mimi. Ikalia kidogo tu, kama mtu anakata ukucha chumba cha pili.

Utaambiwa usinunue kwa kuwa betri zake hazipo tena. Ni kweli ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri za zebaki zilipigwa marufuku kwa ajili ya sumu yake. Ila betri ile inahudumia mita ya mwanga na upangaji wa kujiendesha basi. Ukichagua mwenyewe kasi na upana wa tundu la lenzi, shata inafanya kazi bila betri yoyote, toka robo sekunde hadi 1/500. Na jua la Dar la saa tano asubuhi linahitaji mita ya nini? Filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga), tundu f/16, kasi 1/500. Ukiingia kwenye kivuli cha mwembe, fungua tundu hadi f/5.6 au f/4; namba ikipungua, tundu linapanuka.

Lakini kilichonipeleka kwenye kamera hii ni renjifainda yake, kifaa cha kulenga umbali wa unachopiga. Ukichungulia, katikati ya kioo unaona kiraka cha manjano, na ndani ya kiraka hicho kila kitu ni viwili. Kamera inatazama kupitia vidirisha viwili vilivyoachana kidogo, kama macho yetu. Unazungusha lenzi mpaka pacha hao waingiane, hapo ndipo picha inakuwa kali. Vidirisha vimekaa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mstari uliolala haukusaidii. Tafuta uliosimama: mlango, nguzo, mshono wa shati.

Hilo nilifundishwa na vitumbua. Nilikuwa uani kwa shangazi, Mbagala, akichoma vya asubuhi. Nikalenga ukingo wa chuma, nazungusha, naona ni uleule. Akainua ile spoku ya baiskeli anayogeuzia, ikasimama mbele ya uso wake, na kwenye kiraka zikawa spoku mbili. Nikazileta taratibu zikawa moja. Mistari ya fremu, inayoonyesha mipaka ya picha ukichungulia, ilinionyesha pia kilichokuwa nje ya picha, mkono wa mtoto ukinyemelea sahani. Nikausubiri uingie.

"Unapiga lini sasa?" shangazi akauliza.

"Nimeshapiga, shangazi."

Filamu, HP5 Plus ya Ilford, niliisafisha mwenyewe bafuni. Dawa inataka nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya Dar mwezi Januari yako mbali sana na hapo. Ukiyatumia hivyohivyo dawa inakimbia na picha zinakuwa nzito. Nilinunua barafu ya mifuko, nikaijaza kwenye beseni, nikakaa na kipimajoto mpaka chupa zikashuka.

Picha saba zina mchirizi wa mwanga. Sponji ya mlango wa nyuma, inayozuia mwanga usipenye, ilikuwa imegeuka lami. Niliikwangua na kuweka uzi mweusi wa sufi. Ukinunua kamera ya umri huu, anzia hapo kabla hujaweka hata filamu moja.

Ile ya spoku ni safi. Tone la mafuta linaonekana kwenye ncha, na nyuma yake vidole vitano vidogo vimeshafika kwenye sahani. Nimeichapisha kubwa nikampelekea shangazi. Aliisogeza dirishani, akaitazama kimya, kisha akafungua kabati la vyombo na kusogeza vikombe ipate nafasi.