Ruffian hakudaiwa mbio za 11

Ruffian akitajwa, wengi hukimbilia kusimulia alivyokufa. Inaniuma, maana farasi jike huyu wa Marekani alishinda mbio zake zote 10 za kwanza, na katika mbio hizo kila nafasi zilipopimwa yeye ndiye aliyekuwa mbele. Alizaliwa Kentucky mwaka 1972. Mei 1974 aliingia uwanjani Belmont Park, New York, kwa mara ya kwanza, akawaacha wenzake kwa urefu wa farasi 15 na kuifikia rekodi ya uwanja. Mwaka uliofuata alitwaa mataji yote matatu ya majike wa umri wake.

Hapo ndipo watu walipoanza kutaka zaidi. Je, angemweza dume? Julai 6, 1975 akapambanishwa na Foolish Pleasure, bingwa wa Kentucky Derby, mbio maarufu za Marekani, wawili peke yao, maili moja na robo, dau dola 350,000, huku mamilioni wakitazama kwenye televisheni. Jacinto Vasquez, aliyekuwa akiwapanda wote wawili, alimchagua Ruffian.

Mimi naona mbio za namna hii ni ukatili hata pasipo ajali. Farasi wakiwa wengi, mpandaji anaweza kumtuliza wake nyuma, akavuta pumzi, akangoja. Wakiwa wawili, ni kasi ya mwisho tangu lango linapofunguka. Na Ruffian alikwisha kupata ufa kwenye mfupa wa mguu mwaka 1974. Baba yake, Reviewer, naye alivunjika mifupa zaidi ya mara moja. Dalili zilikuwepo.

Siku ile Ruffian alikuwa mbele kidogo mguu wake wa mbele wa kulia ulipovunjika. Vasquez alivuta hatamu kwa nguvu zote, lakini Ruffian hakujua kusimama mwenzake akiwa ubavuni. Madaktari walimfanyia upasuaji. Nusukaputi ilipomtoka alianza kurusha miguu kana kwamba bado anakimbia, akauharibu upya mguu ule, na ikabidi auawe asiendelee kuteseka.

Swali la kama angemweza dume lilikwisha kujibiwa. Juni ya mwaka huohuo, palepale Belmont, Avatar alimshinda Foolish Pleasure katika Belmont Stakes, maili moja na nusu, kwa dakika 2 na sekunde 28.2. Wiki mbili baadaye Ruffian alikimbia umbali huohuo kwa dakika 2 na sekunde 27.8.