Moto uko dirishani na chuo kinasema "msitoke": Pepperdine walikosea kweli?

Usiku wa Desemba 9, 2024, saa tano kasoro hivi, ukawaka moto kwenye milima ya Malibu, California, ule ulioitwa Franklin, na kabla hakujakucha simu za watu dunia nzima zilishajaa video za aina moja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pepperdine wamekaa sakafuni maktaba, umeme umekatika, nje ya vioo ni wekundu mtupu, na chuo kinawaambia kaeni humo humo. Watu wakawaka kuliko moto wenyewe. Yaani mnawafungia watoto wa watu kama kuku kwenye tenga?

Mi pia nilikuwa kwenye kundi la wenye hasira, sitaki kudanganya, mpaka nilipofungua ramani.

Chuo kiko kilimani, bahari iko mbele yake. Kutoka pale una njia mbili za maana, ya kwanza inapita bondeni Malibu Canyon, na moto ulianzia huko huko, kwa hiyo hiyo ifute. Ya pili ni PCH, barabara ya pwani, ambayo ndo kila mtu wa Malibu anaikimbilia siku kama hiyo. Mwaka 2018 kwenye moto wa Woolsey mji mzima uliambiwa uhame, leni zote za PCH zikageuzwa upande mmoja wa kuelekea Santa Monica na bado foleni ilisimama masaa, umbali ambao siku ya kawaida haufiki hata kilomita 25. Sasa chukua wanafunzi, tuseme 3,000, wengi mwaka wa kwanza, wengine hawana gari kabisa, ukiwapakia kwenye mabasi ya watu 50 unahitaji mabasi 60. Unayatoa wapi saa tano usiku? Madereva wako wapi? Na hata yakipatikana unaenda kuyapanga kwenye foleni ile ile, barabara ile ile ambayo magari ya zimamoto yanataka kupita yaje juu. Mi hesabu hii ya mabasi 60 imenikaa kichwani wiki nzima, kila nikimsikia mtu anasema "wangewatoa tu" najiuliza hiyo "tu" ina magurudumu mangapi.

Na gari kwenye moto siyo pa kujifichia. Novemba 8, 2018, siku ile ile Woolsey ilipoanza, kaskazini mwa California mji wa Paradise uliungua na Camp Fire, wakafa watu 85, na baadhi yao walikutwa na moto barabarani ndani ya magari yao wakikimbia. Hata mwezi haujaisha baada ya Franklin, Januari 7, 2025, Pacific Palisades watu walikwama kwenye foleni mpaka wakaacha magari wakakimbia kwa miguu, ikabidi buldoza lije kuyasukuma pembeni ili zimamoto wapite. Hao walikuwa na magari yao, na ilikuwa mchana!

Halafu moto wa vichaka vile ukisukumwa na upepo wa Santa Ana, ule mkavu na mkali unaovuma kuelekea baharini, haukai sehemu moja, unapita kwa kasi. Kinachochoma nyumba mara nyingi ni cheche zinazopeperushwa na kuingia darini. Ndo maana chuo kila mwaka kinafyeka vichaka kuzunguka majengo, na majengo yenyewe hayana cha kushika moto kirahisi. Mpango wa kubaki ndani ulipangwa pamoja na zimamoto wa Los Angeles, siyo mkuu wa chuo aliota. 2018 wanafunzi waliobaki walitoka salama, 2024 hivyo hivyo, na helikopta zilikuwa zinachota maji kwenye mabwawa ya chuo hapo hapo.

Wanaopinga wana hoja, na moja inauma. Australia nao walikuwa wakiambiwa ondoka mapema au baki ulinde nyumba yako, ikaja Februari 7, 2009, wakafa watu 173, wengi ndani ya nyumba walizoambiwa zinaweza kulindwa. Baada ya hapo serikali ikaanza kusisitiza kuondoka mapema. Nyumba ya mbao siyo maktaba ya zege yenye zimamoto mlangoni, sawa, ila hapo kwenye "zimamoto mlangoni" ndo wakazi wa Malibu walipolalamika 2018, kwamba nyumba zao zinateketea huku magari yanalinda kampasi. Hilo mi sina jibu lake zuri.

Kuna na moyo wa binadamu. 2018 moto uliwakuta wanafunzi wana msiba, usiku wa Novemba 7 mtu alifyatua risasi kwenye baa ya Borderline kule Thousand Oaks akaua watu 12, mmoja mwanafunzi wa Pepperdine, kesho yake moshi. Kumwambia mtoto huyo "tulia, mpango upo" ni kazi.

Watu wanapenda kutolea mfano Cape Town. Aprili 18, 2021 moto uliposhuka mlimani mpaka UCT, Chuo Kikuu cha Cape Town, wanafunzi kama 4,000 walitolewa, hakuna aliyekufa, maktaba ya Jagger ndo ikaungua na sehemu kubwa ya makusanyo ya vitabu vya Afrika (hasara ambayo sisi huku tunapaswa kuililia zaidi). Sawa, lakini UCT ilikuwa Jumapili asubuhi na chini yake kuna jiji lenye barabara kibao, unashuka na begi lako mgongoni umefika mtaa wa Rondebosch. Ukishuka kutoka Pepperdine unafika baharini.

Mi lawama yangu iko kwenye mchana wa siku ile, siyo usiku. Tahadhari ya upepo na hatari ya moto, ile kali kabisa inayotolewa mara chache, ilishatoka kabla moto haujawaka. Ilikuwa wiki ya mitihani, ambayo ilikuja kuahirishwa moto ukishafika, basi si wangeiahirisha asubuhi ile? Ila hata hapo mwenye gari na ndugu Los Angeles ndo angeondoka, na aliyetoka nchi nyingine, hana shangazi mjini, usiku ule maktaba ingemkuta tu.