Domeini mpya: DMARC uibane mapema au uiache kwanza?

Ukinunua domeini mpya ya biashara, iwe .co.tz, .co.ke au .com, ushauri unaopewa kila mahali ni uleule: weka SPF, weka DKIM, DMARC (rekodi tatu za kuzuia wengine kutuma imeili kwa jina lako) iache kwenye p=none, yaani isizuie chochote, na usiiguse mpaka usome miezi kadhaa ripoti zake za nani anatuma kwa jina lako. Kwa domeini ya zamani nakubali kabisa, ila kwa domeini mpya mi naona tunajichelewesha bure, ingawa wanaotoa ushauri huo wana sababu na sio za kupuuza.

Tuwekane sawa kwanza. SMTP, utaratibu wa kutuma imeili wa mwaka 1982, haikuwa na njia ya kuhakikisha kwamba jina lililo kwenye From ndo la aliyetuma kweli. Kwa hiyo SPF ikaja kutaja kwenye DNS (rekodi za umma za domeini yako) seva zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba yako, DKIM ikaja kama saini ndani ya imeili yenyewe, halafu DMARC inauliza swali moja tu, hiyo SPF au DKIM iliyopita ni ya domeini ileile mteja anayoiona kwenye From? Jibu likiwa hapana, p=none inaacha ipite, quarantine inapeleka spamu, reject inaikataa.

Wanaosema subiri wanakumbuka Aprili 2014, Yahoo walipoweka reject kwenye yahoo.com na makundi ya imeili dunia nzima yakavurugika. Yale makundi yanapokea ujumbe wako, yanaongeza maneno kwenye kichwa cha habari au chini, yanausambaza kutoka seva yao, basi DKIM inavunjika na SPF inayopita ni ya kundi, sio yako. Halafu kuna mambo ya ofisini: mhasibu anaunganisha mfumo wa kutuma invoisi, mtu wa masoko anaunganisha huduma ya matangazo, kila mmoja anatuma kwa jina lenu bila kumwambia anayesimamia DNS, ukibana ghafla invoisi hazifiki na wa kwanza kujua ni mteja.

Sasa hilo la mwisho ni tatizo la domeini yenye miaka kumi ambayo hakuna anayejua nani anatuma nini. Domeini mpya haina historia hiyo, watumaji wote umewaweka mwenyewe, pengine ni seva ya hosting na huduma moja ya matangazo basi. Ripoti za wiki mbili tatu zinatosha kukuonyesha kama wote wanapita.

Na p=none ina tabia ya kugeuka makazi ya kudumu. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanawadai wanaotuma kwa wingi (Gmail wametaja imeili 5,000 kwa siku) wawe na DMARC, angalau p=none, watu wakaiweka ili wasizuiwe na wakaishia hapo. Tapeli akituma profoma invoisi yenye jina lako na akaunti ya benki ya kwake, p=none haimzuii. Kweli, hata reject haimzuii aliyesajili domeini inayofanana na yako kwa herufi moja, wala aliyeiba paswedi ya mfanyakazi, na ukweli huo usemwe. Lakini kwa nini umwachie mlango wa jina lako halisi?

Kuna kitu kingine watu hawakisemi, quarantine inaonekana ya upole kumbe mara nyingi ndo inaumiza zaidi. Imeili halali ikiangukia spamu mtumaji hapati taarifa yoyote, anakaa anasubiri jibu. Ikikataliwa inarudi na ujumbe wa kosa, unajua siku hiyohiyo pa kurekebisha. Kwa hiyo nikishaona ripoti safi mi natoka none naenda reject.

Ila mwisho wa rekodi ya SPF nabaki na ~all (seva isiyo kwenye orodha ishukiwe tu), sio -all (ikataliwe), kwa sababu kuna seva zikiona -all zinakataa hapohapo kabla hata ya kuangalia DKIM, na imeili iliyofowadiwa huwa inafeli SPF hata kama ni halali. Rekodi ya SPF iwe moja tu, ukiweka mbili inahesabika kosa, na isizidi utafutaji 10 wa DNS, ukiunganisha huduma nyingi unaufikia haraka. Matangazo yapeleke kwenye sabdomeini yake (tawi la domeini yako, mfano habari.jinalako.co.tz), na hakikisha huduma hiyo inasaini DKIM kwa domeini yako, sio ya kwao, maana hapo ndo wengi wanakwama, wanaona imepita kwenye jaribio lakini DMARC inafeli.

Pale ambapo ningewasikiliza wa upande wa pili moja kwa moja ni domeini ambayo wafanyakazi wake watashiriki makundi ya imeili, mfano chuo au taasisi ya utafiti. Hao reject itawakosesha mawasiliano halali kila wiki, waiache none kwenye domeini ya watu na waweke reject kwenye sabdomeini inayotuma invoisi na matangazo.