Unanikumbuka Lakini?

Jamani, ni nani aliyewaruhusu watu wazima wenye mvi ndevuni kumkamata mtu sokoni na kumuuliza "unanikumbuka lakini?" halafu jina hawataji? Kama ningekukumbuka ningekuita. Ukiona nimekodoa macho na kusema "sura siyo ngeni", elewa, kaka, naomba msaada.

Mimi si mtu wa shari. Ni baba wa familia, mlipa michango, na mjumbe wa kamati ya harusi ya bwana harusi ambaye sijawahi kumuona. Jumamosi ya mkesha wa Pasaka nilishuka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, kutafuta sato. Sangara siku hizi tumewaachia wenye viwanda: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni, yanakwenda Asia, wavua samaki wenyewe tunabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, tope mpaka kwenye soksi. Bei msiniulize, mnazijua. Nikiwa nabishana na muuzaji kwa heshima zangu zote, nikashtukia mkono mzito begani.

"Aaaah! Siyo wewe huyu?"

Nikakubali kwamba ni mimi.

"Unanikumbuka lakini?"

Jamaa mpana, upara unang'aa, shati jeupe katikati ya maji ya samaki. Sijui kama tulisoma wote, tulipanga nyumba moja, au nilimkanyaga kwenye daladala ya Igoma.

"Nitakusahauje!" nikasema. Ulimi huu utaniua.

"Haya, mimi nani?"

Muuzaji wa sato akaacha kupima. Mama wa dagaa akageuza kigoda. Nikacheka kicheko cha kiungwana, nikampiga jamaa mgongoni, nikasema, "Wewe! Vituko vyako hujaacha tu!" Akafurahi sana. Kumbe kweli alikuwa na vituko.

Nikajaribu kuzunguka kwa nyuma. "Wale wenzetu uko nao?"

"Wepi?"

"Yule... mrefu."

Akavua kofia aliyokuwa ameishika mkononi, yaani aliivaa kwanza ndipo akaivua. "Alifariki."

"Ah! Maskini!" Nikainamisha kichwa. Nikamlilia mtu nisiyemjua mbele ya beseni la samaki, na mama wa dagaa akanipa pole. Ningemuuliza nani sasa marehemu ni nani?

Nikatoa karata ya mwisho, ile ya wazee wa mjini. Nikampa simu: "Andika namba yako, na jina uandike vizuri mwenyewe." Akabonyeza, akanirudishia. Nikasoma: MSHIKAJI WA KITAMBO.

"Sasa kesho Pasaka tunakuja kwako," akasema. "Mimi na familia. Tuko Sengerema, lakini si daraja lipo?"

Hapo ndipo lilipo tatizo langu, na naomba nisieleweke vibaya. Mheshimiwa Rais Samia alipozindua lile daraja la Kigongo hadi Busisi mwezi Juni 2025, nilishangilia kama wengine. Kilomita 3 juu ya maji, wagonjwa wanawahi hospitali ya Bugando, mizigo inapita. Safi kabisa. Lakini kile kivuko kilikuwa na hekima yake. Mgeni wa Sengerema alikuwa anapiga simu: "Shemeji, tumekwama foleni ya kivuko." Wewe hapo unapata muda wa kuficha soda, kumtuma mtoto akakope mchele, hata kupatwa na msiba wa ghafla Magu. Wengine walikuwa wanakata tamaa pale pale Busisi, wanakula miwa, wanarudi kwao. Leo mtu anakupigia akiwa bado kwake anafunga kamba za viatu, ukikata simu anabisha hodi.

Wakaja. Yeye, mkewe, watoto wanne, mama mkwe, na kijana mmoja ambaye mpaka leo sijui alihesabiwa upande gani. Bodaboda kwetu Mabatini zinaishia chini, ukishafika hapo ni wewe na mawe. Shemeji alikuja na viatu vya kisigino kirefu. Katikati ya kilima akasimama, akaangalia pimbi wamekaa juu ya jiwe wanaota jua, akauliza, "Hivi hawa nao wanalipa kodi?" Mama mkwe alitupita wote, akafika wa kwanza, akaanza kusalimiana na majirani Kisukuma kabla sisi hatujaona hata mlango.

Mke wangu, ambaye nilishamwambia kwamba huyu ni rafiki wa damu, wa kufa na kuzikana, akauliza kwa adabu, "Shemeji, jina lako tena nani?"

"Muulize mumeo!"

Nyumba nzima ikacheka. Mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote, nikaenda jikoni kuangalia wali usiungue. Mke wangu akanifuata.

"Baba watoto, huyu mtu ni nani?"

"Wewe pakua."

Nikamvizia mtoto wao mdogo aliyekuwa uani na wanangu, wanadaka kumbikumbi. Nikachuchumaa. "Eti mwanangu, baba anaitwa nani?"

"Baba."

"Na mama anamuitaje?"

Akafikiri sana. "Anamuita 'wewe'."

Nisiwe mwongo, siku yenyewe ilikuwa nzuri. Masika yakikatika mchana kilima chote kinakuwa kijani mpaka kwenye nyufa za mawe, na ziwa chini limetulia. Watoto walicheza mpaka wakalala na viatu. Jamaa alisimulia habari za bweni, za uji wenye wadudu, za mwalimu wa zamu aliyekuwa akitembea na tochi bila kuiwasha, na kila hadithi mimi nilikuwemo, tena shujaa. Mke wangu aliniangalia kwa heshima ambayo sijaiona tangu nilipie king'amuzi. Kwa nini nimkatize?

Alipomaliza sato wa pili ndipo akatoa daftari. Waliosoma wote wanaandaa mkutano wa kukumbushana, yeye ndiye mweka hazina. Kabla sijameza tonge alikuwa ameshaniunga kwenye kundi la WhatsApp. Huko nako kila mtu kajiandika jina la utani: Mzee wa Ukoko, Bundi, Komandoo. Wote wananisalimia, wote wanauliza ahadi yangu ni shilingi ngapi. Mtu akipost picha ya 'sisi enzi hizo' imefifia mpaka huwezi kutofautisha wanafunzi na michongoma.

Wamevuka daraja kurudi kwao kabla hata sijafuta meza. Vyombo vimejaa beseni mbili, nafungua bomba: linakohoa, linatoa upepo. Hivi kweli? Ziwa la kilomita za mraba 68,800, nchi tatu zinaligawana na bado linabaki, nikisimama mlangoni naliona lote mpaka macho yanauma, halafu nanunua maji kwa dumu! Wiki nzima mvua imenyesha, maji yamepita hapa hapa mlangoni yakiteremka kwenda huko huko ziwani, hakuna hata tone lililosimama kwenye bomba. Nikamuita kijana wa madumu. Naye ana bei mbili, ya chini ya mwembe na ya juu ya mwembe. Nikamwambia kijana wangu, mwembe ulikatwa mwaka juzi. Akasema bei haikukatwa.