Wawili wananitosha, na hapana, sijawa mzungu

Juzi kantini kazini mwenzangu mmoja Mjerumani, ana mtoto mmoja wa miaka mitatu, akasema mimi na mume wangu tumeamua tunaishia hapo hapo. Meza nzima ikajibu aah, sawa, watu wakarudi kwenye viazi vyao. Yaani basi! Hakuna aliyemwambia Mungu atakufungulia, hakuna aliyeuliza upande wa mume wanasemaje. Nilitamani kumkumbatia.

Maana mimi nina wawili, niko Dortmund, Ujerumani, na kila nikipiga simu nyumbani salamu zikiisha swali ni lile lile, wa tatu lini. Shangazi wa Tanga anauliza, mama mkwe wa Kwimba aliyezaa tisa anauliza, hadi mama wa genge mtaani kwetu, simdai hanidai, anamwambia mama yangu yule binti yako mbona kasimama.

Najua mnachotaka kusema, kafika Ulaya juzi tu keshakuwa mzungu. Subirini kwanza. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulionyesha wastani Tanzania ni watoto 4.8 kwa mwanamke, ila ukitenganisha, kijijini ni 5.5 na mjini 3.6. Sasa hao wa mjini wao wamezamia wapi, Kimara? Wamepunguza kimya kimya na kijiti mkononi, halafu kwenye harusi ndio wa kwanza kuwaambia maharusi mkajaze dunia. Na serikali yenyewe ilishapiga hesabu zamani, bima ya afya ya taifa, NHIF, ni mwanachama, mwenza na wategemezi wanne, sheria ya kazi ya 2004 inambana mwajiri akupe likizo ya uzazi ya malipo mara nne tu, ya tano utajua mwenyewe. Lakini mimi nikisema wawili eti nina maringo.

Wengine wanadhani huku watu hawazai kwa sababu ya gharama. Jamani, huku wanakulipa uzae! Mwaka 2025 kila mtoto alikuwa na euro 255 kwa mwezi, awe wa tajiri awe wa mfagizi. Ukijifungua mkunga anakufuata mpaka nyumbani, bima inalipa. Wazazi mkigawana zamu mnalipwa miezi 14 ya kukaa na mtoto, kama asilimia 65 ya ule mshahara uliokuwa unaingia mfukoni, mwisho euro 1,800 kwa mwezi. Mume wangu alichukua miwili, mama yake akapiga simu sauti inatetemeka, akijua mwanae kafukuzwa kazi, maana Bongo baba anapewa siku 3 na nyingine anazimalizia kwenye kuandikisha cheti cha kuzaliwa. Na pamoja na neema zote hizo, Wajerumani mwaka 2024 walikuwa kwenye wastani wa watoto 1.35 kwa mwanamke. Pesa ipo, watoto hawapo.

Kisichokuwepo ni mikono. Tangu 2013 mtoto akifika mwaka mmoja ana haki ya nafasi chekechea kisheria kabisa, ila foleni ya kuipata ndio usiniulize, na ukishaipata mtoto akichemka kidogo tu unapigiwa simu njoo umchukue, na hapo wewe ndio kwanza umeanza shifti. Bibi wa mtoto wa Kijerumani anafanya kazi hadi afike miaka 67 huko, halafu anaishi mji mwingine. Jirani? Mwaka wa tatu huu tunasalimiana kwenye ngazi tu.

Sasa hapo ndio mnanijia na kwetu tunalea kijamii. Kweli, nililelewa hivyo, sikatai na najivunia. Ila tuambiane ukweli, hapo Dar leo anayelea ni nani? Shangazi yuko bize na vikoba, bibi yuko kijijini, anayelea ni dada wa kazi, binti wa mtu kutoka Singida au Iringa, ambaye naye alitakiwa awe darasani, na amri ya mishahara ya 2022 ilimwekea kima cha chini cha elfu 60 kwa mwezi akilala kwako. Wanne wako wamesimama kwenye mgongo wake. Dada akiondoka Jumapili bila kuaga nyumba nzima inalala chini, halafu wewe ndio unaniambia mimi kila mtoto huja na sahani yake. Sahani ndio, anayeiosha je?

Hayati Magufuli Septemba 2018 kule Meatu aliwaambia watu waachane na uzazi wa mpango, akasema ameshafika Ulaya kaona madhara yake, nguvu kazi inaisha. Hilo la nguvu kazi hakukosea, mimi ndio ushahidi, nafanya nyumba ya wazee, nawaogesha, mimi ndio mtoto ambaye hawakumzaa. Bibi yangu mwenyewe Tanga anaogeshwa na dada wa kazi ninayemtumia hela kila mwezi. Kwa hiyo msinitishe na nani atakulea uzeeni, nina bibi hapa kazini ana watoto watatu wazima wa afya, wanakuja Krismasi wanakula keki wanaondoka.

Sisemi wazae wawili wote. Anayeweza sita na mikono anayo azae sita, nitaleta vitenge. Ila anayenihimiza aseme siku mtoto ana homa yeye atakuwa wapi.

Mama mkwe tulimwombea viza, akakaa siku 90, akaona mwenyewe navyokimbia na basi la saa kumi na moja alfajiri, alivyorudi Kwimba akaacha kuuliza. Anayeuliza siku hizi ni mwanae. Nimemwambia sawa baba nanihii, wa tatu tutamtafuta, ila zamu hii ile miezi 12 ya kukaa ndani uchukue wewe, mimi nitachukua ile miwili. Bado anafikiria.