Kioo ni Kioo Tu, Dada

Trafiki wa Tangi Bovu hakutaka leseni. Hakutaka stika ya bima wala mtungi wa kuzimia moto. Alizunguka upande wa abiria, akainama, akasugua kona ya chini ya kioo cha mlango kwa kidole gumba, halafu akaniuliza kwa upole uliozidi kipimo: "Dada, gari yako ina majina mawili?"

Nikashuka. Kweli bwana. Gari yangu ina vioo sita. Vitano vimechorwa namba yangu ya gari, kazi niliyoilipia mwenyewe wiki niliyoinunua. Cha sita, cha mlango wa mbele kushoto, kina herufi T, kina 4, halafu kina ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho, halafu herufi C mwishoni. Namba yangu haina 4. Haina C pia.

Kioo hicho nimekaa nacho miezi miwili. Nimekiosha mara ngapi sijui. Mama yangu amekiegemea akisinzia kutoka Tegeta mpaka Posta. Hakuna aliyekisoma. Trafiki alinisikiliza, akaangalia meseji ya muamala niliomlipa muuzaji, akaniachia niende. Na hapana, sikutoa kitu, acheni mawazo yenu. Aliniambia tu, "Kamuulize aliyekuuzia." Nimeendesha mpaka nyumbani nimevimba, na mtu aliyenivimbisha si trafiki.

Turudi nyuma kidogo. Mwezi wa tatu mimi na mama tunatoka Bunju, msibani. Kando ya barabara kijana anakata nyasi kwa ile mashine ya kamba inayolia kama nyigu. Tukasikia "ta!" Kokoto. Kioo kikawa cheupe chote kwa mpigo mmoja, kikasimama hivyo hivyo sekunde moja, mbili, kama kinajishauri, halafu kikamwagika mapajani kwa mama, punje punje, kama chumvi ya mawe. Mama hakupiga kelele. Alikusanya pembe nne za khanga, akashuka taratibu na furushi lake la vioo kama mtu aliyetoka kununua dagaa.

Hakuchanika hata kidole, na hiyo si bahati. Vioo vya milango hupashwa moto kupita nyuzi 600, halafu hupulizwa hewa ya baridi ghafla, kwa hiyo ngozi ya nje inabana na ya ndani inavuta. Siku kikijeruhiwa mahali pamoja kinasambaratika chote, vipande vidogo visivyo na makali ya kuchinja. Kioo kikubwa cha mbele ni habari nyingine, kile ni vioo viwili vilivyobana plastiki katikati, ndiyo maana kikipasuka kinabaki mahali pake, na ufa mdogo unazibika. Fundi akikwambia atakujazia gundi kwenye ufa wa kioo cha mlango, muage kwa heshima.

Basi, Kariakoo, upande wa Gerezani. Kabla sijazima gari winga, dalali wa kuwapeleka wateja madukani, ameshatuona. Mlangoni nimebandika mfuko wa nailoni kwa selotepu, bango gani tena atake? Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, yuko kidato cha nne, hajui hata kuwasha pikipiki. Nauliza mimi, anajibiwa yeye. Nauliza kioo ni cha mwaka gani, winga anamgeukia mtoto: "Bro, mwambie sista asiwe na presha. Kioo ni kioo tu."

Kioo ni kioo tu. Dakika ishirini baadaye akaja na kioo amekikumbatia kama mtoto mchanga, kikajaribiwa, hakikuingia. Cha pili hakikuingia. Gari yangu ni Toyota IST ya zamani, ile iliyotoka 2002 mpaka 2007. Yeye alikuwa ananiletea vya IST mpya, na hizo ni gari mbili zinazochangia jina tu, kama Juma na Juma. Mpaka duka la tatu, mzee mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono bila salamu: "Kadi ya gari." Akasoma namba ya chesisi, NCP60 na zinazofuata, akaingia stoo, akatoka na kioo kilichokaa sawasawa. Kwa hiyo kama wewe ni mvivu wa kuuliza, angalau sikiliza unachoulizwa. Mtu anayekuuzia kioo bila kuuliza chesisi anacheza bahati nasibu kwa hela yako.

Bei 130,000. Nikalia, nikaondoka, nikaitwa, nikarudi. Tukafungia 80,000. Nikajiona mtoto wa mjini haswa. Jioni nikawahadithia mpaka majirani.

Sasa hapo ndipo ninapotaka kugombana, na wa kwanza kugombana naye ni mimi. Katika saa nzima niliyokaa pale niliuliza mwaka, nikauliza bei, nikauliza bei tena, nikauliza bei ya mwisho, nikauliza bei ya mwisho kabisa. Sikuuliza hata mara moja: kioo hiki kimetoka kwenye gari ya nani?

Kwa nini hatuulizi? Tusidanganyane. Hatuulizi kwa sababu tunaogopa kujibiwa. Hapa mjini sote tunachora namba kwenye vioo, kwenye saidi mira, wengine mpaka kwenye taa, na ukimuuliza mtu kwa nini, anakwambia ni kumnyima mwizi soko. Vizuri sana. Soko hilo ni nani? Ni mimi na mdogo wangu, tumesimama juani, tunafurahia kupunguziwa 50,000. Tunachora namba zetu ili vioo vyetu visiuzike, kisha tunakwenda kununua vya wenzetu vilivyokwanguliwa.

Najua mtakachosema, na nusu yake nakubali, kwa shingo upande. Mtasema si kila spea ya mtumba ni ya wizi. Kweli. Kuna gari zinakatwa Japani zinaletwa vipande vipande kwenye makontena, biashara halali, watu wanalipia ushuru. Lakini gari iliyokatwa Nagoya haichorwi herufi T ya namba za Tanzania kwenye kioo. Mtasema pengine ni gari ya hapa hapa, ilipinduka Chalinze, mwenyewe akaiuza kwa kilo. Inawezekana kabisa. Basi aliyekaa akaisugua namba mpaka kioo kikaingia ukungu alikuwa anamficha nani nini? Mtu aliyeuza mzoga wake mwenyewe haoni aibu ya namba yake.

Na kuna jambo jingine lililoninyima usingizi usiku ule. Saidi mira inanyofolewa sekunde tatu kwenye foleni ya Ubungo, unabaki unatazama waya. Kioo cha mlango hakitoki hivyo. Ukitaka kukitoa kizima ufungue skrubu za kishikio, ubandue ubao wa ndani wa mlango, uchomoe swichi, ulegeze bolti zinazokishika kwenye mashine ya kukipandisha na kukishusha, ndipo ukivute taratibu kwa juu. Hiyo si kazi ya mtu anayekimbia. Maana yake, kama ile gari iliibwa, ilikaa mahali palipotulia, watu wakaichambua kama samaki, mifupa huku, nyama huku, labda wakisikiliza redio. Na mwenye gari siku hiyo hiyo alikuwa kituo cha polisi anaandikisha RB, ile namba ya taarifa ya wizi. Mimi nimenunua ubavu mmoja wa gari yake, na mama yangu anauegemea akipata usingizi.

Ningeuliza, ningejibiwa ukweli? Hapana. Lakini swali lenyewe lina kazi yake. Muuzaji mwenye mzigo wa halali hakasiriki ukiuliza, anakuonyesha stoo, anakuonyesha milango mingine ya gari hiyo hiyo. Yule mwingine anaanza kumwangalia mdogo wako. Halafu risiti. Niliomba risiti, nikapewa kipande cha boksi kilichoandikwa "IST kioo 80" kwa kalamu ya bluu, bila jina, bila mhuri. Ya mashine hakuna, "mtandao unasumbua". Mtandao huo ulikuwa mzima dakika mbili nyuma, wakati napokea ujumbe kwamba pesa yangu imeshaingia kwake.

Na ukikiangalia kioo, kiangalie nje juani, kona ya chini, baada ya kukifuta vumbi kwa mkono wako. Mimi nilikiona kikiwa na tope, tena dukani ndani, chini ya taa moja. Kona hiyo ina namba kama ilichorwa, na ina chapa ya kiwanda. Linganisha chapa na ile ya vioo vyako vingine. Winga alinipa somo hapo, alionyesha kioo kingine kilichoandikwa 43R, akasema, "Unaona arobaini na tatu? Hiyo ni namba ya Japani." Uongo mtamu, kwa sababu umekaribia ukweli. Japani ni 43 kweli, lakini ile inayokaa ndani ya duara pamoja na herufi E. 43R ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari, na utaikuta hata kwenye kioo kilichotoka China jana. Sisemi cha China ni kibaya. Viwanda vya China vinawauzia vioo watengenezaji wakubwa wa magari duniani. Nasema usiuziwe China kwa bei ya Japani na mtu anayesoma namba nusu.

Ufundi sasa. Bei ya kioo si bei ya kukifunga, jueni hilo kabla hamjatoa pochi. Fundi wangu alidai 20,000, akabandua ubao wa mlango, akapiga kiganja mara tatu, "pa pa pa", zikadondoka punje kiasi cha kikombe cha kahawa, akasema zimeisha. Zimeisha! Kioo kizima kimemwagika, nusu kwenye khanga ya mama, nusu tumboni mwa mlango, yeye ametoa kikombe. Tangu siku ile nikipita kwenye tuta mlango unalia kama kayamba.

Kelele ningezivumilia. Masika ndiyo yaliyoniumbua. Kila mlango wa gari unaingiza maji, hata mpya, yanapita pembeni ya kioo, yanashuka ndani, yanatokea kwenye vitundu vilivyopo chini kabisa. Kinachozuia yasiingie kwako ni ile karatasi ya nailoni iliyogandishwa nyuma ya ubao wa mlango. Fundi aliichana kuitoa, akairudisha kwa mate na matumaini. Vitundu vya chini navyo vilikuwa vimezibwa na punje na matope. Mvua ya kwanza, zulia la upande wa abiria likawa jaruba la mpunga. Kwa hiyo kabla hajagusa bisibisi muulize: punje utazitoaje, na nailoni utaigandisha na nini? Akishangaa swali, funga mlango uondoke. Na kabla hujamlipa, kipandishe na kukishusha mara tano gari ikiwa inaunguruma, usikilize kama mashine inakwaruza.

Wenye bima kubwa, ile inayolipa mpaka uharibifu wa gari yako mwenyewe, piga picha na mpigie wakala wako kabla fundi hajagusa kitu, uulize kama vioo vya pembeni vimo au ni kile cha mbele tu. Mimi nina bima ndogo, kwa hiyo hapo naongea kama mtazamaji.

Garantii? Muuzaji aliniambia, "Ukiona tatizo lolote nipigie, dada." Nimepiga. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Winga anapatikana lakini. Jana nimempigia, nimemwambia nataka kioo kipya, kutoka boksini, chenye risiti ya mashine, na namba ya chesisi namtumia kwa meseji. Sikumgombeza, maana nguvu sina. Ameitikia vizuri tu, kasema Jumamosi asubuhi mzigo utakuwepo, 180,000, tutaongea. Kisha kabla sijakata akauliza: "Na hicho cha sasa hivi sista, unakiuzaje?"