Kiitikio Hakiivishi Maharage

Jamani, nani aliwadanganya wanamuziki kwamba mgahawa ni kazi ya kupumzikia? Mtu katunga nyimbo miaka ishirini, kalala studio, kagombana na mapromota, kadhulumiwa viingilio vya mlangoni, halafu asubuhi moja anaamka na kutangaza: "Sasa nataka kutulia. Nafungua mgahawa." Kutulia! Kakimbizwa na mbwa mpaka kachoka, sasa anataka kujilaza kwenye mzinga wa nyuki.

Wimbo unatungwa mara moja. Ubeti, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, basi. Ukishika unauimba mpaka wajukuu. Pilau hairekodiwi. Ya Ijumaa ukiipakua Jumapili hakuna atakayeiita zilipendwa, ataitwa bwana afya.

Balaa linaanzia kwenye menyu. Msanii anaiandika kama albamu, tena ile ya santuri mbili, vyakula 46. Kuku kapewa jina la wimbo, samaki kapewa jina la mapenzi yaliyovunjika. Mteja anakaa, anasoma, anaita, "Dada, hii Usiniache Baharini ni kitu gani?" Changu wa kukaanga na ugali. "Na hii Nimekusamehe Jana?" Maharage. Dakika tano zimeliwa na tafsiri, meza nyingine inapunga mkono, na huyu mwenyewe mwishowe anaagiza chipsi mayai, ambayo haimo kwenye menyu kwa sababu bosi wangu, msanii mwenyewe, anasema inashusha hadhi. Chipsi mayai inashusha hadhi! Hapa Dar es Salaam!

Sahani 12 zinatosha, na ziwe ndugu. Rosti moja ya nyanya, vitunguu, karoti na thomu inabeba kuku, nyama, samaki na hata mbogamboga. Kila sahani isiyo na ndugu inadai nafasi yake kwenye friji. Pweza wa nazi anaagizwa mara moja kwa wiki mbili, na siku anayoagizwa ndiyo siku ametupwa asubuhi.

Halafu sokoni. Samaki wanaoeleweka wanapatikana soko la Feri alfajiri, na saa hizo ndizo ambazo mwanamuziki tangu azaliwe hajawahi kuziona akiwa anatokea kitandani. Anaziona akiwa anarudi. Kwa hiyo anatuma mtu, na mtu anayetumwa anajua bosi hajui. Samaki wa kununua jicho lake limejaa na linang'aa, ukifunua mashavu ni mekundu, ukimbonyeza kidole nyama inarudi. Anayeletwa macho yamezama kama ya mlinzi wa zamu ya usiku. Tena bosi kapigia hesabu kilo nzima! Changu wa kilo moja akishaparwa magamba na kutolewa matumbo amepungua. Ukimchuna minofu, unabaki na chini ya nusu. Ile nusu nyingine ni kichwa na miiba. Chemsha supu basi, iuze asubuhi. Hapana, supu ya vichwa nayo inashusha hadhi.

Vitunguu ndiyo kabisa. Gunia la lumbesa lina kilemba juu, bosi analiona anatabasamu, kapata ofa. Halimwagwi likakaguliwa. Linakaa hivyo hivyo kwenye kona yenye joto, pembeni ya jiko, siku ya nne katikati kumeshaoza na maji yanachuruzika sakafuni. Vitunguu vinatandazwa kwenye chaga, penye upepo, vilivyolainika vinaliwa kwanza. Mwanamuziki Lady Jaydee, ambaye naye aliwahi kuendesha mgahawa wa Nyumbani Lounge jijini humu, albamu yake ya kwanza aliiita Machozi. Watu walidhani ni habari za mapenzi. Nadhani alishaona vitunguu mbele.

Sasa njoo jikoni siku ya pilau. Sahani 50: mchele kilo 7, nyama kilo 5, vitunguu kilo 2, mafuta lita moja, bizari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu chache na pilipili manga. Nyama inachemshwa na tangawizi na chumvi, supu inawekwa kando kama mahari. Mchele unaoshwa, unaloweka nusu saa, unachujwa. Vitunguu vinakaangwa taratibu, unageuza, unageuza, dakika 20 na zaidi, mpaka viwe kahawia. Rangi ya pilau inatoka hapo. Na hapo ndipo bosi anapoingia na miwani yake ya jua, anachungulia, "Wateja wameshafika, ongeza moto." Moto ukiongezwa, pembeni vinaungua na katikati bado vyeupe. Matokeo yake ni pilau chungu na nyeupe kwa wakati mmoja. Yeye studio anarudia mstari mmoja mara arobaini mpaka fundi mitambo anaomba maji, lakini kitunguu kikirudiwa mara mbili anaangalia saa.

Kuna na hili la maji. Nyumbani kwake alifundishwa vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha mchele, na kwa sufuria ya watu wanne ni sawa. Anapeleka hesabu ileile kwenye kilo 7. Kilo 7 ni vikombe kama 35 vya robo lita, kwa hiyo anadai maji vikombe 70, lita 17 na nusu! Huo ni uji wenye bizari. Sufuria kubwa mdomo wake ni mdogo ukilinganisha na tumbo, mvuke unaopotea ni kidogo, na mchele wenyewe umeshakunywa wakati unaloweka. Lita 12, supu na maji ya moto kwa pamoja, zinatosha. Yawe ya moto kweli, kwa sababu ukimwaga ya baridi katikati ya safari punje zinabaki na kiini. Onja ule mchuzi kabla ya kutia mchele: uwe umezidi chumvi kidogo, mchele utaivuta. Ukikauka, funika, punguza moto chini, makaa juu ya mfuniko, na mtu yeyote asifunue. Bosi anafunua. Anafunua apige picha ya kurusha mtandaoni, kava la albamu, mvuke wote huo unakwenda zake na juu mchele unabaki mgumu.

Kwenye kupakua tuna bakuli, gramu 350 za pilau kwa sahani, vipande viwili vya nyama. Bakuli likiwapo sufuria inatoa sahani 50. Bosi akishika upawa anapakua kwa hisia. Akimfahamu mteja, mlima. Akikumbuka mteja aliwahi kuja kwenye shoo yake, mlima na kachumbari pembeni. Sahani zinaishia 38, na jioni anakaa na kalamu anatafuta mwizi.

Mwizi mwingine ni wana, washikaji wa bosi. Wana wa zamani, mpiga gitaa, mpiga kinanda, mcheza shoo aliyeumia goti, yule meneja wa zamani aliyemdhulumu ila wamesamehana. Wanane. Wanafika pamoja, wanakaa meza ya mbele, wanakula, wanasema "Hapa ni nyumbani", wanaondoka. Twende polepole. Sahani inauzwa 10,000. Kama umesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 kilichomo ndani ya bei, 1,525 si zako, unazitunza tu. Malighafi zikienda vizuri zinakula 3,300. Kodi ya pango, mishahara, gesi, umeme, sabuni, glasi zilizovunjika. Ukibaki na 1,000 umeshukuru Mungu. Wana wanane wakila bure, malighafi peke yake ni 26,400. Maana yake wateja 27 wanaolipa, zaidi ya nusu ya sufuria nzima ile ya mateso, wamekuja kufuta kinywa cha mpiga kinanda. Na hapo hatujagusa bia.

Msanii hajawahi kuiona VAT kwa macho, ndiyo maana. Kwenye shoo alikuwa anapewa bahasha, anahesabu, anatia mfukoni, yake. Sasa droo ikijaa Jumamosi anadhani ni bahasha. Anachota za mafuta ya gari. Anachota za kumtoa shangazi hospitali. Tarehe 20 inafika ya kupeleka ritani ya VAT, mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inakumbuka kila risiti, yeye hakumbuki hata moja.

Na hili la kibali cha muziki, mimi nacheka peke yangu mpaka nakata kidole. Miaka yote hiyo kwenye mahojiano analia: mahoteli yanapiga nyimbo zetu bure, mirabaha iko wapi, wasanii tunakufa maskini. Kweli kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko upande wake, ukipiga muziki wa watu kwenye biashara unalipia. Sasa watu wa kibali wanamjia mlangoni na karatasi, kaka, hapa mnapiga muziki. Anang'aka: "Mimi ndiye mwenye nyimbo!" Sawa, bosi, nyimbo zako ni tisa. Kwenye ile flashi zipo 300. Halafu hata katika hizo tisa, mashairi na melodi ni vyako, lakini rekodi yenyewe ina mwenyewe, aliyelipia studio, na ule mkataba ulisaini bila kusoma. Kwa hiyo analipa ili asikike kwake mwenyewe.

Kusikika kwenyewe ndiyo ugonjwa mwingine. Spika mbili za jukwaani, kubwa kama makabati, zimeelekezwa kwenye meza. Watu wanaozungumza kawaida wako kama desibeli 60. Bendi ndani ya chumba chenye vigae na vioo inavuka 95 bila kujitutumua. Mhudumu anasikia "kuku" mteja kasema "kuke", sijui ni nini, hata yeye mteja hakumbuki. Oda za kavu zinakuja na mchuzi. Mgahawa unataka spika ndogo ndogo nyingi, darini, zenye sauti ya chini, ili kila meza ipate kidogo na mtu aliye karibu asizibe masikio. Ukimwambia hivyo bosi anauliza, "Na besi?" Besi! Mtu anachambua mwiba wa changu, besi ya nini?

Ukimbana sana anakujibu kwa jina moja: Jimmy Buffett. Yule Mmarekani aliyetoa "Margaritaville" mwaka 1977, wimbo wa mlevi wa ufukweni anayetafuta kichupa cha chumvi. Mwaka 1985 akafungua duka Key West, Florida, mgahawa ukafuata, migahawa ikazaana, hoteli zikafuata, na alipofariki Septemba 2023 jarida la Forbes lilishamweka kwenye mabilionea. Bosi anaitaja kama sala. Anachoruka ni kwamba yule bwana alianza na fulana, kitu kisichooza, alililinda jina lake kama mboni ya jicho, na kwenye hesabu aliweka watu wa hesabu. Sisi hapa jina la mgahawa hata BRELA, wanakosajili majina ya biashara, halijapelekwa, na kaunta anakaa binamu yake bosi, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba anazijua nyimbo zote kwa kichwa.

Lakini gesi ndiyo itanimaliza. Mtungi wa kilo 38. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale shingoni. Ukiwa na mzani unapima, unatoa, unajua umebaki na ngapi. Mzani hatuna, hela yake ilinunua ukulele, kile kigitaa. Basi unamwaga maji ya vuguvugu ubavuni, unapitisha kiganja, pale ubaridi unapoanzia ndipo gesi ilipo. Mitungi iwe miwili, mmoja umefungwa tayari unasubiri. Wa pili bosi kaupeleka kwake. Kwa hiyo tunaunga kile kidogo cha kilo 15 kwenye majiko makubwa matatu kwa mpigo, kinavutwa mpaka kinatoa jasho la baridi, moto unanyong'onyea ingawa gesi imo. Bosi anakitikisa. Anakitikisa kama kayamba!

Na kila gesi inapokata ni Jumamosi, saa mbili usiku, meza zote zimejaa, kuku nusu mbichi kwenye mafuta yaliyopoa anakunywa mafuta kama sifongo. Kijana wa bodaboda katumwa. Wateja wameanza kugonga glasi kwa uma. Hapo bosi anavua aproni ambayo haina hata doa, anachukua kipaza sauti, anaimba ule wa zamani. Na anaimba, mtu huyu, tusimwonee! Mama wa meza ya sita anafumba macho. Ukumbi mzima unaingia kwenye kiitikio, simu juu, hakuna anayekumbuka kuku. Mtungi unafika, tunafunga, tunawasha, mafuta yanarudi kwenye joto, kuku anaiva, anatolewa, anapangwa kwenye sahani, anapoa, kwa sababu wahudumu wote wanne wako mbele wanacheza.